Nilipoteza sauti yangu, nikaenda Kinango kununa, nikajifunza kushukuru

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi. Huwa napita kimya kimya, nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimeona na mimi niache kitu hapa.

Haya nitakayoyasimulia yamenipata mwenyewe. Majina nimeyageuza kidogo kwa heshima ya watu, lakini mambo ni yale yale, chumvi sijatia. Ni uzi wa imani, nawaambia mapema. Asiyependa mambo ya Mungu anaweza kupita, hatutagombana. Lakini hata wewe, kama una mzazi aliye hai, soma kidogo kwanza.

Niiteni Mbeyu. Ni Mduruma wa Kinango, nimeolewa, na kwa miaka mingi nimeishi Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa. Mume wangu Tsuma anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari kule Ramisi, kwa hivyo wiki nzima hukaa huko na kurudi nyumbani siku za mapumziko. Tuna binti mmoja, Rehema, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaambie kwanza mimi nilikuwa nani.

Nilikuwa sauti.

Sisemi kwa majivuno, ndivyo ilivyokuwa. Kazi yangu ilikuwa ya kupokea simu kwenye hoteli moja ya Diani. Ukipiga simu pale, wa kwanza kukusalimu ni mimi. Mgeni akitaka kuamshwa alfajiri akaone jua likichomoza baharini, anayemwamsha ni mimi. Kuna mgeni mmoja kutoka Nairobi aliyekuwa akija kila Desemba. Siku moja akaomba aonyeshwe huyo mama mwenye sauti. Nikatoka nyuma ya kaunta, mfupi, mnene, viatu nimevua. Yule bwana alinitazama kama mtu aliyeletewa chakula cha meza nyingine. Tulicheka mpaka machozi.

Na kanisani nilikuwa soprano wa kwanza. Miaka kumi na saba, wakuu. Wimbo ukiwa na mahali pa mtu mmoja kusimama peke yake, aliyesimama ni mimi.

Nikikumbuka zile Jumamosi, moyo unalegea. Mazoezi yalianza saa tisa mchana, jua bado kali, mabati ya kanisa yakilia ta, ta, kwa joto. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mkali, akisikia sauti moja imeteleza anasimamisha watu thelathini. Sare zetu zilikuwa za buluu na kola nyeupe, na kila mmoja alijifulia yake mwenyewe, kwa hivyo tukisimama pamoja unaona buluu za kila namna. Tuliimba harusi Msambweni, tuliimba mazishi Lungalunga, tukirudi kwenye lori tunaimba tena bila kuombwa na mtu.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mwislamu, Bi Mwanasha, mama wa Kidigo, mtu mzima. Alikuwa akikaa dirishani kwake akisuka ukili huku tukifanya mazoezi ng'ambo ya barabara. Nikirudi, nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu ananiambia leo mwisho wa ule wimbo wa pili mmeuharibu. Na mara zote alikuwa anasema kweli.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu. Sikujua kwamba nilikuwa tajiri.

Basi. Shingoni nikaota tezi. Mwanzo nilidhani nimenenepa, nikaficha kwa mtandio. Ikafika mahali nikilala chali napumua kwa shida. Nikaenda hospitali, nikapimwa, daktari akasema lazima uvimbe utolewe.

Nataka niwe mkweli hapa. Daktari aliniambia. Alinikalisha chini, akanichorea kwenye karatasi, akanionyesha mshipa mwembamba wa fahamu unaopita karibu sana na ile tezi, akasema mshipa huo ndio unaoiendesha sauti, na kwamba unaweza kuguswa hata mkono ukiwa makini kiasi gani. Nikatia sahihi. Nani husikiliza maneno hayo kwa makini? Nilikuwa nataka kupumua.

Nilipoamka niliona kiu. Nikamwita nesi aliyekuwa amenipa mgongo. Hakugeuka. Nikamwita tena. Hakugeuka.

Nilidhani ni yeye asiyesikia.

Ilikuwa pumzi tupu, wakuu. Maneno yalikuwa yakitoka kama upepo unavyopita chini ya mlango. Daktari akaja, akanichunguza, akanieleza taratibu kwamba ule mshipa umeumia. Huenda sauti ikarudi baada ya miezi, huenda ikarudi nusu, huenda isirudi. Akaniandikia mazoezi ya kufanya kila siku. Namshukuru, kwa sababu uvimbe wenyewe haukuwa na kansa, na mpaka leo napumua vizuri. Lakini siku ile sikuona cha kushukuru hata kimoja.

Kazini walinivumilia. Wakanihamishia stoo ya mashuka, nikawa nahesabu taulo. Siku nikisikia simu inalia kule mbele na msichana mwingine anaipokea, mkono wangu unainuka wenyewe. Mkataba ulipoisha haukuendelezwa. Hawakunitusi, waliniaga vizuri tu, kwa keki.

Kanisani nako walinipenda, na mapenzi yao yaliniumiza. Walinipa kazi ya kutunza sare. Waliniombea, wakaniwekea mikono. Dada mmoja, ambaye ninajua hakuwa na nia mbaya, alinivuta pembeni akaniambia nichunguze maisha yangu, maana Mungu hafungi kinywa cha mtu bure.

Neno lile lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Jumapili iliyofuata nilisimama na waumini wengine, si na kwaya, nikafungua kinywa kuimba wimbo ninaoujua tangu utotoni. Ikatoka sauti kama ya mbuzi anayekabwa. Watu wa benchi la mbele wakageuka wakatazama, halafu wakajifanya hawakugeuka. Nikakaa chini. Sikurudi tena.

Nilikuwa na hoja yangu na Mungu, na niliiona ni hoja nzito. Mikono yangu niliitumia kwa mambo yangu. Miguu, mambo yangu. Sauti ndiyo niliyokuwa nikimpa Yeye. Sasa katika mwili mzima, kwa nini achukue hicho hicho?

Hakuna mtu aliyenijibu swali hilo. Sitawadanganya, mpaka leo sina jibu lake.

Bi Mwanasha alikuwa akiniletea uji wa mtama, anauweka mezani, anakaa. Hasemi kitu. Siku moja tu aliniambia, "Mwanangu, mimi dini yako siijui sana, lakini subira naijua. Subira haikatazi mtu kulia." Akaondoka na bakuli lake.

Kilichonishinda kabisa ni zile Jumamosi. Nyumba yetu iko ng'ambo ya kanisa tu. Saa tisa ikifika kwaya inaanza, na pale mahali pangu pa kusimama peke yangu, namsikia Dama, mwanamke wa miaka ishirini na kitu anayeuza mitumba sokoni, anapaimba. Tena anapaimba vizuri. Nilikuwa najifungia chumbani, mto kichwani.

Tsuma aliporudi kutoka Ramisi akanikuta hivyo. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alisema tu kwamba mama yangu amepiga simu kwa jirani, anauliza mbona siku hizi simpigii, na kwamba labda ingekuwa vyema niende nikakae naye kidogo. Nikaona sawa. Kinango hakuna kwaya.

Nikaenda kununa, wakuu. Nilifungasha nguo za wiki mbili.

Nilikaa miezi tisa.

Mama yangu, ambaye sisi kwetu tunamwita Mayo, alikuwa ameshapita miaka sabini. Baba alifariki zamani. Aliishi na mbuzi wake, kuku, na punda mmoja mkaidi wa kubebea maji. Nilipofika, mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Mahindi yalisimama shambani yakiwa makavu, yanachakarika upepo ukipita. Silanga, lile bwawa la kuchimbwa tunakochota maji, lilikuwa limebaki tope na dimbwi katikati. Mnadani watu walikuwa wanauza mbuzi waliobaki mbavu.

Na Mayo alikuwa hasikii vizuri tena. Nilikuwa najua masikio yake yamepungua, lakini sikujua ni kwa kiasi kile. Maana kwenye simu nilikuwa napaza ile sauti yangu ya hoteli na mambo yanakwenda.

Sasa fikirieni. Mimi sina sauti. Yeye hana masikio.

Siku ya kwanza tulikuwa vichekesho. Namuuliza chumvi iko wapi, ananiletea kikapu. Ananiuliza Tsuma hajambo, nafungua kinywa kumjibu, ananitazama midomo, ananiambia nisile na huku nazungumza. Nilikuwa nataka kulia, nikajikuta nacheka, kicheko kisicho na mlio.

Mwisho akanishika bega, akanivuta, akaelekeza kidole kwenye sikio lake la kushoto. "Sema hapa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Neno lolote nililotaka kumwambia, hata dogo, ilibidi niache ninachofanya, nimfuate, niinamishe kinywa mpaka sikioni mwake. Huwezi kugombana na mtu kwa namna hiyo. Jaribuni. Huwezi kunung'unika vizuri ukiwa umegusana shavu na mama yako.

Alikuwa ananukia moshi wa kuni na mafuta ya nazi. Harufu ile nilikuwa nimeisahau. Nilikuwa nimeondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo nilikuwa nakuja Krismasi siku mbili, natoa sukari na leso, naondoka. Nilikuwa namjua mama yangu kama unavyomjua mtu wa kwenye picha.

Asubuhi tulikuwa tunamfunga punda mitungi na kwenda silanga. Tukirudi, tunakaa kivulini nyuma ya jiko kuchambua pojo za msaada, maana zilikuja na mawe mengi. Na hapo ndipo alipokuwa akizungumza. Yeye sauti yake ilikuwapo, tena kubwa, kama walivyo watu wasiosikia. Alinisimulia ujana wake, alivyokuwa akitikisa kayamba ngomani kabla hajaokoka, jinsi baba alivyokuja kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana mpaka akashindwa kuinuka alipoambiwa asalimie wazee. Mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Ningeyasikia lini? Mimi ndiye niliyekuwa nazungumza siku zote.

Jumapili alinipeleka kanisani kwake. Sikutaka, lakini humkatalii Mayo. Ni kanisa la kuta za udongo na paa la bati, watu hawazidi kumi na watano, wengi wanawake. Hakuna kinanda, hakuna sare. Wanaimba kwa Kiduruma, kila mtu kwa namna yake, wengine wanamaliza ubeti wakati wengine bado wako katikati. Mwalimu wangu wa Ukunda angezirai.

Kiongozi wao alikuwa mwinjilisti, Mzee Nyawa, fundi wa baiskeli siku za kazi. Na walikuwa na desturi moja. Kabla ya mahubiri, kila mtu anasimama anatoa shukrani ya jambo moja la wiki hiyo. Jambo moja tu. Na Mzee Nyawa alikuwa hakubali shukrani za jumla. Mtu akisema anamshukuru Mungu kwa uhai na afya, mzee anamwambia kwa upole, "Hiyo ni ya sote. Tupe yako."

Basi mnasikia mambo. Mmoja anashukuru kwamba kuku wake aliyepotea amerudi na vifaranga. Mmoja anashukuru kwamba punda alijikwaa njia ya silanga lakini mtungi haukumwagika. Mama mmoja, ambaye ng'ombe wake wa mwisho alikuwa amekufa wiki ile kwa ukame, alisimama akashukuru kwamba majirani walikuja kumsaidia kumburuta. Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi wala kusema haleluya. Walitikisa vichwa tu, kama watu waliopokea habari.

Nilichukia desturi ile. Nasema kweli. Niliona ni kama kumpigia saluti askari aliyekuchapa. Zamu yangu ikifika nilikuwa natikisa kichwa na Mzee Nyawa anapita kwa anayefuata, bila kunilazimisha. Wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, miezi miwili.

Siku moja nyuma ya jiko Mayo aliniuliza kwa nini sisimami. Nikainama sikioni kwake, nikamwaga yote. Hoja yangu na Mungu. Kwamba alichukua kitu kile kile nilichokuwa namtumikia nacho. Kwamba sauti ndiyo iliyokuwa mimi, na sasa sijui ni kitu gani kimebaki. Nilizungumza mpaka pumzi ikaniishia, na alinisikiliza yote, ungo wa pojo magotini.

Aliutikisa ungo kidogo. Halafu akaniambia jambo ambalo alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Alisema kabla yangu alizaa mtoto mwingine. Alitoka kimya, hakulia, akazikwa siku ile ile. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi.

"Na wewe ulitoka kimya," akasema. "Nikajua basi, ni kama yule. Nyanyako alikumwagia maji, akakupiga mgongo, kimya. Akakulaza kifuani pangu ili nikuage. Nikakutazama uso. Nikasema, Mungu wangu, asante umenionyesha uso wake, yule wa kwanza hata uso sikuuona vizuri. Nilipokwisha kusema hivyo, ndipo ukalia."

Akaokota jiwe kwenye pojo, akalitupa.

"Kwa hivyo mimi nilikushukuria ukiwa huna sauti. Sauti kwangu ilikuwa nyongeza. Mtoto nilikuwa nimeshapewa."

Wakuu, sikulia wakati ule. Niliendelea kuchambua. Nakumbuka mikono yangu ilivyokuwa inatoa mawe na kuyaweka upande wa pojo, na pojo nazitupa, na yeye anaziokota bila kunisema.

Miaka yote nilidhani watu wananipenda kwa kuwa naimba. Mgeni wa Desemba, mwalimu wa kwaya, maharusi wa Msambweni. Hata Mungu, nilidhani ananipenda kwa sababu hiyo, na kwamba kwa kunyamaza kwangu nimeshuka thamani machoni pake. Ndicho kilichokuwa kikiniuma, zaidi hata ya sauti yenyewe. Na huyu hapa mwanamke aliyenipokea nikiwa kimya, karibu maiti, akasema asante.

Nikajiuliza kama mama wa Kinango anaweza hivyo, Mungu je?

Jumapili ile zamu yangu ilipofika nilisimama. Nikasema. Hakuna aliyesikia, maana bati lilikuwa linapigwa na upepo. Mzee Nyawa akasimama akawaambia watu waache mabenchi wasogee. Wakaja wote, wazee kwa akina mama na watoto mgongoni, wakanizunguka karibu kabisa, vichwa vimeinama, kama watu wanaochungulia kisima.

Nikasema nashukuru kwa sikio la kushoto la mama yangu.

Walipoelewa, walicheka. Na Mayo, ambaye hakusikia kitu, akauliza kwa sauti yake kubwa wanacheka nini. Wakacheka zaidi. Mimi nikalia hapo, mbele yao, machozi ambayo nilikuwa nimeyabeba tangu hospitali. Na kitu fulani kikatulia ndani yangu. Siwezi kukieleza vizuri. Ilikuwa kama mtu ameweka chini mzigo ambao alishasahau kwamba ameubeba.

Sauti haikurudi siku ile. Wala mvua haikunyesha siku ile. Nasema hivyo kwa sababu najua humu ndani mmesoma shuhuda nyingi ambazo mtu analia Jumapili, Jumatatu anapata gari.

Mvua ilikuja baadaye, kidogo, wakati wake. Mbuzi walibaki wanne. Rehema alikuja likizo akatukuta tumekonda sote wawili na tunanong'onezana kama wezi, akasema amekuja nyumba ya wendawazimu. Tsuma alikuwa akija siku zake za mapumziko na mfuko wa sukari guru kutoka Ramisi, anatengeneza zizi, anarudi. Kila alipokuja alikuwa ananitazama kama anayetaka kuuliza nitarudi lini, na hakuuliza. Kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote.

Na kila Jumapili nilisimama. Nilishukuru kwa mtungi. Nilishukuru kwa kivuli cha jiko. Mara moja nilikosa kabisa cha kusema, nikashukuru kwa punda, wakati asubuhi ile ile alikuwa amenipiga teke.

Mwezi wangu wa tisa pale, Mayo akaanza homa na kifua. Tukampeleka hospitali ya Kinango, wakamlaza siku nne, wakaturuhusu. Alirudi mwepesi, kama nguo iliyoanuliwa. Nilimwogesha, nilimlisha uji. Nikawa nampigia stori sikioni, mimi sasa, yeye akisikiliza.

Aliondoka asubuhi, saa moja na kitu, nikiwa natoka jikoni na kikombe chake cha chai. Nilijua kabla sijafika kitandani. Nikakiweka kikombe chini, nikainama kwenye lile sikio la kushoto, nikamwambia mambo ambayo nitayaweka mwenyewe.

Mazishini walikuja watu kutoka Ukunda. Sikuwaalika wengi, lakini habari husafiri. Kwaya yetu ilikuja na zile buluu za kila namna. Bi Mwanasha alikuja na wanawake wenzake wa Kidigo, wamejifunga leso, na masufuria ya wali wameyabeba tangu kwao, wakaingia jikoni moja kwa moja bila kuuliza.

Nilipoitwa kuzungumza nilipewa maikrofoni. Sikuwa nimeshika maikrofoni tangu nilipofanyiwa upasuaji. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, hewa nyingi, neno dogo. Lakini watu walinyamaza mpaka mbuzi wakasikika zizini.

Nikawaambia kwamba katika umri wangu wote, tangu niondoke nyumbani, ukikusanya siku nilizokaa na mama yangu kabla ya ugonjwa wangu hazifiki miezi miwili. Na kwamba kama sauti yangu isingepotea, asubuhi ile aliyofariki mimi ningekuwa Diani napokea simu, na ningeambiwa habari za kifo chake na mtu mwingine. Nikasema sauti naililia, sijaacha kuililia. Lakini namshukuru Mungu kwa miezi tisa.

Nikakaa.

Kwaya ikaimba. Na pale mahali pa mtu mmoja kusimama peke yake, akasimama Dama. Mto wa kuweka kichwani sikuwa nao. Nikasikiliza.

Wakuu, nilikuwa nimeuimba wimbo ule miaka kumi na saba, na sikuwa nimewahi kuusikia. Nilikuwa ndani yake. Sikujua jinsi sauti za wanaume zinavyopita chini pale, jinsi wengine wote wanavyopunguza ili yule mmoja aende. Watu thelathini walikuwa wakinipisha, kila Jumapili, miaka yote hiyo, na mimi nilidhani naimba peke yangu.

Baada ya mazishi nilimfuata Dama nikamshika mikono. Yeye ndiye aliyelia. Alisema muda wote alikuwa akiniogopa, akidhani namchukia. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kweli nilimchukia, na kwamba imekwisha.

Sasa ni mwaka wa tatu. Nimerudi Ukunda. Sauti imerudi labda nusu, daktari anasema huenda haitaongezeka tena. Naweza kuongea sokoni, naweza kumwita mtu akiwa karibu. Kuimba siwezi. Ile hoteli walinirudisha, sasa ninajibu barua pepe na jumbe za wageni, na kanisani ninakaa benchi la tatu, nasikiliza. Jumamosi nakaa dirishani kwa Bi Mwanasha, tunawahukumu wanakwaya kwa pamoja.

Somo nililolipata si kwamba mabaya ni mazuri. Ugonjwa ni ugonjwa, ukame ni ukame, na mtu asikwambie uchunguze maisha yako wakati unaumwa. Nendeni hospitali, fuateni dawa. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nasubiri amani ije nikirudishiwa kile nilichopoteza, na ilikuja kabla, nikiwa bado sina. Na Mungu aliyenipa hakunidai nimwimbie ndipo anipende.

Niliomba sauti. Nikapewa mama.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Kuna yeyote humu aliyewahi kunyang'anywa kitu ambacho watu walikuwa wanamjua kwacho? Uliwezaje kuishi baada yake? Na kama hujaweza bado, sema pia, hapa hakuna atakayekuhubiria. Na wewe mwenye mama yuko mbali, usiandike comment leo. Nenda kamwone kwanza.